Baba Mkwe Hakumla Malkia

Mimi ni mtu wa kujitetea. Mke wangu husema nilizaliwa na "lakini" mdomoni na mkunga akashindwa kuitoa. Ndiyo maana kwenye sataranji nazipenda kete nyeusi: mwenzako anaanza, wewe unamjibu. Kwa miaka nimeichambua kinga moja tu, ile wanayoiita ya Kifaransa, hapo mezani kwetu Mapinga. Aliyekuwa akinishikia kete nyeupe ni yeye mke wangu. Mchezo wenyewe hakuupenda. Alikuwa anachambua mchele wake kwenye ungo, na nikimwambia sogeza askari, anasogeza.

Kinga hiyo ina mtego mmoja ambao tuliurudia mpaka ukatuchosha. Katikati ya ubao anabaki askari mweupe, ameachwa kama embe lililoanguka njiani. Farasi wako anamla, farasi wa mwenzako anakulia farasi wako, malkia wako naye anamla farasi huyo. Unajiona umefaidi. Kumbe nyuma kidogo kuna askofu mweupe aliyemziba malkia wake. Askofu huyo akiruka pembeni kumtishia mfalme wako, njia inafunguka, malkia wako yuko uchi. Ukimwokoa mfalme, malkia keshaliwa. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kula, msogeze askofu wako uizibe njia ya kwenda kwa mfalme. Mke wangu alikuwa akinicheka kila nikisahau.

"Ziba kwanza ndo ule," ananiambia. "Pupa ya nini?"

Hata baba yake, mkulima wa Mlingotini na bingwa wa drafti kijiweni kwao, nilimfundisha mimi mwenyewe mtego huo. Mzee alishangaa kweli. "Mchezo gani huu mtu halazimishwi kula?" Akaja na sheria yake moja ya kijiweni ambayo hakuilegeza kwa yeyote, mkwewe nikiwemo: kete ukiigusa, umeicheza.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Bibi yake mke wangu, mama mzazi wa mzee huyo, alifariki alfajiri ya siku niliyokuwa na fainali ya mashindano Dar. Mke wangu alikuwa Mlingotini akimuuguza. Mimi nilizima simu kama kanuni zinavyotaka. Nilipoiwasha alasiri, bibi alikuwa keshazikwa. Na kwetu Pwani mkwe msibani si wa kukaa. Mkwe anachota maji, anapasua kuni, anatia bega kwenye jeneza. Mkwe wa nyumba ile alikuwa Dar, kavaa tai, anatetea kete nyeusi. Na nikashinda, astaghfirullahi. Nilifika msibani na medali mfukoni.

Naamini wangenisamehe siku ileile kama ningefunga mdomo. Wapi! Mke wangu alinitazama tu, na mimi nikaanza kupanga hoja: simu hairuhusiwi, maziko yamefanywa haraka, nani angejua kama bibi ataondoka leo. Kila alichosema nilikuwa na jibu lake tayari. Mwisho akachoka.

"Siku ukiweza kusema nimekosea bila kutia lakini, uje unichukue," akasema, akaingia ndani. Nikarudi Mapinga peke yangu, na sikulala vizuri tena.

Arobaini ya bibi ilipopita nikavaa kanzu yangu nzuri nikaenda kumfuata. Nilijiandaa kwa makaripio. Nilikuwa hata na majibu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu sana, bwana."

Bwana! Mzee huyu tangu nimwoe binti yake ananiita mwanangu. Nikatandikiwa mkeka mpya. Nikaletewa maji ya kunawa, kisha wali wa nazi na samaki, sahani zimefunikwa kawa. Mama mkwe akatokea pwani na gunia la mwani mbichi kichwani, linamchuruzikia maji hadi mgongoni. Nikainuka nimpokee. Mzee akanishika mkono.

"Kaa, bwana, kaa. Mgeni hasumbuliwi."

Loo! Afadhali angenitukana. Majibu yangu yote niliyoyabeba toka Mapinga hayakuwa na wa kujibiwa.

Baada ya chakula, mzee akatoa ubao. Akachukua kete nyeupe, na mimi, kama kawaida yangu, nikaanza kinga yangu. Mikono ilicheza, roho ilikuwa kule uani nilikosikia sauti ya mke wangu. Nikamwona yule askari wa katikati, nikamla. Farasi kwa farasi, kisha malkia wangu akaingia. Nilipoondoa mkono ndipo nikakumbuka kwamba sikuziba.

Mzee akaweka kidole juu ya askofu wake. Akaniangalia usoni, hakuuangalia ubao. Kisha akakiondoa kidole taratibu, akasogeza kiaskari cha ukingoni kisicho na kazi.

"Haya, bwana. Zamu yako."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu asiyemsamehe hata rafiki yake wa utotoni kete aliyoigusa, leo anavunja sheria yake kwa sababu mgeni haaibishwi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nyumba ile haikuwa kwetu tena.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yetu na birika la chai ya tangawizi. Sikujua ameanza kutazama saa ngapi.

"Baba," akasema, "umemgusa askofu."

"Mwache bwana acheze."

"Umemgusa, baba. Mpeleke. Huyu si mgeni."

Mzee akashusha pumzi. Akamrudisha askari wake, akampeleka askofu. Nikamkimbiza mfalme, naye akamla malkia wangu, akamweka pembeni ya sahani yangu. Mke wangu akachuchumaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Imekuwaje?"

Ile "lakini" yangu ikapanda mpaka kwenye ulimi. Nimechoka na safari, jua lilikuwa machoni, nilikuwa nakuwaza wewe. Zote zilikuwa tayari, zimejipanga.

"Nimekosea," nikasema. "Sikuziba, nikala. Na sikuja kumzika bibi."

Akasubiri. Tunajuana. Baba yake naye akasubiri, malkia wangu kamshika tena mkononi. Nikauma meno, machozi yananitoka bila haya, na sikuongeza neno.

"Ngoja nikafunge begi," mke wangu akasema, akainuka.

Mzee akaanza kukusanya kete.

"Na wewe umekaa kufanya nini, mwanangu?" akaniambia. "Vua hiyo kanzu. Mama yako anabeba mwani peke yake."