Wifi Yangu na Mzee Kufuli

Wifi yangu, mke wa kaka, hapendi foleni. Hata nyumbani kwake watoto wakigombania bafu, kila mmoja anapewa ndoo yake na kona yake. Mtu wa namna hiyo umweke chini ya bosi tuliyembandika jina la Mzee Kufuli, jamani, si kutafuta balaa?

Tulifanya kazi ofisi moja, juu ya duka la rangi. Yeye na wenzake waliandika programu ya kupanga dozi za watoto, inayotumiwa na zahanati. Mimi nilipokea simu za wateja.

Mzee Kufuli ndiye aliyeanzisha kampuni, na mtindo wake ulikuwa huu: programu yote ilikaa kwenye kompyuta kubwa moja. Ukitaka kurekebisha faili, unalifunga kama kwa kufuli, na wengine wanasubiri mpaka ulifungue. Walipokuwa wawili ulifaa, nisimwonee. Lakini sasa walijaa chumba kizima, na nani ana subira hiyo? Waliosubiri walijinakilia faili pembeni wakaandika yao. Likifunguliwa tu, wanabandika nakala yao nzima juu ya kazi ya mwenzao.

Basi kijana mmoja akafunga faili la dozi, akaenda kuoa. Yuko fungate, simu kazima! Aliporudi na kulifungua, kila mtu akabandika ya kwake, na marekebisho ya wifi kuhusu watoto njiti yakafutika. Matoleo ya zamani yalikuwepo, ila kuyachambua ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Wifi alilia chooni. Akatoka amefura, moja kwa moja mpaka kwa bosi.

"Mzee, kuna mtindo mwingine. Kila mtu awe na programu nzima kwenye mashine yake, pamoja na historia yake yote. Afanye kazi kwenye tawi lake, yaani nakala inayokumbuka ilikotoka, kisha mashine ituunganishie."

"Na wawili wakigusa mstari mmoja?"

"Mashine itasimama, iwaulize."

"Kwani mashine inajua dozi?"

"Haijui, mzee. Ndiyo maana inauliza."

Mzee akaguna. "Haya, jaribu kwa toleo la wiki hii. Likivurugika, uprogramu basi. Unahamia kwenye simu."

Kwenye simu! Kana kwamba mimi nipo jela. Nilinuna, lakini moyo uliniuma kwa ajili yake. Kazi ile aliisomea huku ananyonyesha, na hakuna kitu alichokipenda kama hicho.

Siku ya kuunganisha, sote tulimzunguka. Tawi la kwanza likaingia. La pili likaingia. La tatu, skrini ikaandika kwa wekundu: mgongano.

"Si nilisema?" Mzee Kufuli akasimama.

"Bado, mzee. Soma kwanza." Wifi hakusogea kitini.

Mashine ilikuwa imeweka mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Bwana harusi wetu ameandika dawa fulani itolewe mara mbili kwa siku. Mwenzake wa dirishani ameandika mara tatu. Wakatazamana.

"Nani kakwambia mbili?"

"Na wewe nani kakwambia tatu?"

Wifi akanigeukia. "Wifi, hebu mpigie mfamasia wa zahanati."

Nikapiga, nikafungua spika, kila mtu akasikia.

"Kichanga mara mbili, mtoto mkubwa mara tatu," mama mfamasia akasema. "Na msije mkachanganya, mtaniulia vichanga!"

Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Kwa mtindo wa kufuli, aliyeandika tatu angebandika nakala yake juu ya kazi ya aliyeandika mbili, na hakuna ambaye angejua. Wifi akaandika sharti la umri, akaunganisha, wekundu ukaondoka.

Mzee Kufuli akavuta kiti chake mpaka mezani kwa wifi.

"Aliyefunga faili lolote kule kwenye kompyuta kubwa alifungue sasa hivi. Hakuna kufunga tena," akasema. "Na wewe binti, nionyeshe tawi linavyoanzishwa. Taratibu, mimi mzee."

Nikapiga vigelegele mpaka muuza rangi akachungulia ngazini. Kumbe simu sijaikata.

"Kuna harusi huko?" mama mfamasia akauliza.

"Zaidi ya harusi, mama," nikamjibu. "Wifi yangu ameshinda!"