Gari la Zamani Kwenye Harusi ya Binti Yangu

Nina gari la spoti la Kimarekani, jekundu, viti viwili, limepita miaka hamsini. Nalilaza kwenye gereji ya kukodi kule Auderghem, pembeni mwa mji huu wa ughaibuni, na kila Jumamosi natoka nyumbani, Saint-Gilles, kwenda kulipangusa. Cheka ukitaka. Wazungu wakiliona barabarani wananiinulia dole gumba. Ndugu zangu wa Lubumbashi wananiuliza nitanunua gari lini.

Kwetu mtu wa heshima anapanda gari jipya. Ukionekana na la zamani, basi maisha yamekupiga. Lakini mimi nilitaka kitu kimoja tu: binti yangu afike kanisani ndani ya gari langu.

Kikao cha familia kilikaa sebuleni kwetu mwezi mmoja kabla ya harusi. Dada mkubwa wa mke wangu, ambaye akisema wengine hunyamaza, akaanza.

"Shemeji, utapeleka mutoto na ile gari ya kuzeeka? Bakwe batasema nini?"

Damu ikanichemka. "Ile injini niliifungua yote na mikono yangu! Hiyo gari nyeusi munataka kukodi, nani anaijua?"

"Bon, lakini ni mupya," akajibu, na wote wakaangua kicheko.

Kikao kikapitisha ile nyeusi. Binti yangu hakusema neno, na hilo liliniuma kuliko kicheko chao.

Siku yenyewe nililitoa langu gereji hata hivyo. Nikaegesha nyuma ya ile nyeusi, mbele ya nyumba yetu, nikakanyaga mafuta hadi majirani wakafungua madirisha. Nilifanya makusudi, sifichi.

Binti yangu akatoka, gauni kalishika kwa mikono miwili. Dereva wa nyeusi akamfungulia mlango. Binti akampita, akaja dirishani kwangu.

"Papa, sogea."

"Nisogee wapi?"

"Kiti ya pale. Ni miye nitaendesha."

"Yesu wangu!" shangazi yake mmoja akapiga kelele. "Bibi-harusi anaendesha?"

Usukani ule hajawahi kuushika mtu mwingine, hata mke wangu. Nikasogea. Akavua viatu, akanitupia mapajani, akaingiza gia bila kukwaruza.

Kanisani, mtaa wa Uccle, wakwe walikuwa wamejipanga mlangoni. Baba wa bwana harusi akalizunguka gari taratibu, akauliza ni la nani. Kabla sijafungua mdomo, binti yangu akajibu:

"Ya kwetu."

Nikashuka na viatu vyake mkononi, nikilia mbele ya watu wote.