Fundi Anayebembeleza Vyuma

Jamani, fundi baiskeli wa mtaani kwetu watu anawafokea, vyuma anavibembeleza! Leo shangazi kampelekea baiskeli yake ya umeme, gia za nyuma zimeng'ang'ania kwenye mota, na waya wa mota unapita katikati yake.

"Huo waya ukikatika mota imekufa," shangazi analia, "mikate yangu nitasambazaje?"

"We mama, kelele! Kaa huko!" Halafu huyoo, kageukia gia, sauti laini kama anamlaza mtoto: "Taratibu mama, taratibu. Yataisha." Waya kauvisha soksi yake mwenyewe, kabaki mguu mmoja peku. Kachomoa gurudumu, kadondosha mafuta, kabana kifungulio cha gia kwenye jiliwa, lile bano la mezani, kapachika gia juu yake, kashika gurudumu zima kwa ile mikono yake minene, kalizungusha kama usukani wa lori. KWAAA! Shangazi kaziba macho. Fundi kauvua waya ile soksi, kanirushia mimi nishike, kaunganisha betri. Vuuuu! Mota inaimba, gia ziko mkononi. Shangazi machozi hayo, nikajua sasa atafokewa. Fundi kamtazama, kafuta mikono.

"Taratibu mama, taratibu. Yameisha."

Nikabaki mdomo wazi. Akanigeukia: "Na wewe unashangaa nini? Soksi yangu!"