Bega la Girafe

Enzi zetu pale Singida, mtoto wa kike asiyejua rede alikuwa hana jioni. Wenzangu mliokulia miaka ile mnanielewa. Ukitoka shule unavua sare, unakula kiporo cha ugali na mlenda umesimama, unaosha vyombo harakaharaka na kuacha nusu ya masizi kwenye sufuria, maana huko nje umeshasikia wanaitana. Mpira tulishona wenyewe: soksi ya baba iliyotoboka kisigino, ndani matambara na mifuko ya nailoni. Ukikupata mgongoni unausikia mpaka kifuani. Wawili wanarushiana, wewe uko katikati unakwepa, na chini ipo chupa ya kujaza mchanga kabla hawajakugonga. Upepo wa Singida nao ulikuwa mchezaji wa peke yake, unachota mchanga wako na kukumwagia machoni, na hakuna aliyesimamisha mchezo kwa ajili ya macho yako.

Vijana wa leo ukiwasimulia haya wanacheka. Mwanangu Imani, aliyezaliwa hapahapa Brussels, anacheza besiboli. Ana glavu ya ngozi anayoipaka mafuta kuliko anavyojipaka mwenyewe, ana viatu vya mazoezi na viatu vya mechi, na ana mashine ya kukandia misuli inayonguruma hivi kwamba jirani wa chini alipanda kuuliza kama natoboa ukuta. Sisi tukiumia tulikandwa kwa maji ya moto na chumvi, na ukilia unaongezewa sababu ya kulia. Lakini siku aliponieleza huo mchezo wake nilimwambia, baba, hii ni rede iliyopewa rungu. Mmoja anarusha, mmoja anapiga, halafu ni mbio. Imani ndiye mrushaji. Ni mrefu, ana shingo ya wajomba zake, ndiyo maana timu nzima inamwita Girafe, yaani twiga.

Msimu huu bega lake la kulia limeumia. Akirusha, mpira unakwenda anakotaka Mungu, na mechi zinapotea. Daktari amemwambia apumzike. Sasa kocha anapima: amtunzie nafasi yake mpaka apone, au amlete kijana mmoja wa Antwerp na Imani aage moja kwa moja. Watu wengine watasema ni mchezo tu. Tangu aache chuo, mwanangu hana kitu kingine kinachomtoa kitandani akiwa anapiga mluzi.

Na mimi nimewahi kuondolewa kwenye timu, kwa hiyo najua. Nilikuwa darasa la tano nilipoanguka kwenye yale mawe makubwa ya mtaani kwetu nikavunjika mkono. Hospitali walinifunga plasta ngumu, ile tuliyoiita hogo. Tulikuwa na mechi na darasa la sita, na nahodha wetu, Zuhura, akatangaza mbele ya wote kwamba mimi nimetoka, ataingia Mwajuma. Nilirudi nyumbani nalia. Mama alikuwa anasonga ugali, na hakutaka maelezo marefu. Alitoka hivyohivyo, khanga kiunoni, mwiko mkononi, akaingia uwanjani mpira ukiwa hewani.

"Nani kasema mwanangu hafai? Umevunjika mkono, miguu si anayo? Nyie mnakwepa kwa mikono?"

Zuhura akamwita Mwajuma atoke. Nikaingizwa. Mpira wa kwanza kabisa ukanipiga kwenye hogo, nikatoka. Darasa la sita walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njiani nilimwambia mama kwamba ameniaibisha. Alikuwa anabandua ugali uliokaukia kwenye mwiko, anautia mdomoni. "Wacheke tu," akasema. "Lakini wamejua una kwenu." Mimi nilijiapiza kwamba nikija kuzaa sitakuwa mama wa kelele.

Nimetimiza. Leo, Jumatatu, nimekwenda kusuka kule Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika, kwa Maman Chantal, mama wa Lubumbashi mwenye mkono mwepesi na mdomo usiopumzika. Saluni yake ndiyo baraza la mashabiki wa timu ya Imani. Vijana kadhaa wa Kikongo wanaichezea, na kila baada ya mechi baba zao na wajomba wanakuja kunyoa na kutoa hukumu. Kocha naye hunyolea hapohapo, na wanaojua wanasema yale yanayosemwa Jumatatu ndiyo anayoyafanya Jumapili. Mimi hawanijui kuwa ni mama wa nani. Jumapili huwa nipo kazini Ganshoren, nalisha na kuogesha wazee, na sijawahi kukanyaga uwanja ule.

"Girafe bega yake ilisha kufa," alianza Papa Kabeya, mzee mstaafu mwenye miwani juu ya paji la uso. "Coach amutoshe, alors. Alete ule mutoto wa Anvers." Kwao kutosha ni kutoa, na Anvers ndiyo Antwerp.

"Bega gani, papa?" akadakia mjomba mmoja, tonton Didier, povu likiwa bado shingoni. "Ule anajifanya tu. Akiona tunapigwa, bon, bega inaanza kumuluma. Ni woga ile."

"Donc ni malezi. Kwabo hakuna muntu alimufunza kuvumilia."

Nilikuwa nimesukwa nusu ya kichwa. Nusu nyingine ilikuwa imesimama wima utadhani imesikia. Mwanangu hawezi kulalia ubavu wiki ya pili sasa. Maneno yalinijaa mdomoni yakapanga foleni. Maman Chantal akanigonga begani kwa kitana.

"Na weye, maman wa Tanzanie, unasema je? Bamutoshe ao bamubakize?"

Wote wakanitazama kwenye kioo. Nilikuwa na nafasi yangu, kubwa kuliko aliyokuwa nayo mama na mwiko wake, maana mimi niliulizwa. Nikasema, "Aa, mimi mambo ya besiboli siyajui." Kisha nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha kucheka.

"Maman iko na adabu sana," akasema Papa Kabeya, na wakahamia kwenye goti la mdakaji.

Ningependa kuwaambieni kwamba nilinyamaza kwa ustaarabu, au kwa kuogopa kubaki na kichwa nusu. Si kweli. Watu wale wanamwona Imani akicheza, mimi simwoni, na waliposema ni mwoga, nikajiuliza kama wanasema kweli. Nilimwonea haya mtoto wangu mwenyewe, mbele ya watu ambao majina yao nimeyajua leo hiihii. Nikalipa, nikawaaga kila mmoja kwa heshima zake, nikapanda metro kurudi nyumbani Koekelberg nikiwa nimependeza, na uso wangu ulikuwa unawaka njia nzima.

Imani alikuwa jikoni, pakiti ya njegere za barafu imefungwa begani kwa taulo. Alijua nilikokwenda.

"Mama, wale wazee walikuwepo? Wamesema nini juu yangu?"

Nilitaka kumpunguzia. Mtu akiwa na maumivu humwongezei. Nikajifanya natafuta chumvi kabatini.

"Hawakukutaja."

"Donc hata hawajanitukana?"

"Hata kidogo, baba."

Nilipogeuka nilitegemea kukuta tabasamu. Alikuwa anafungua taulo polepole, kwa mkono mmoja. Akazirudisha njegere kwenye friza, akafunga mlango wake vizuri kama nilivyomfundisha.

"Basi nimeshatoka," akasema, akaingia chumbani.

Nimekaa jikoni na chai iliyopoa. Enzi zetu mtoto akiondolewa mchezoni mtaa mzima ulimsikia mama yake, na hata waliocheka walikwenda kulala wakijua wamemgusa mtoto wa nani. Hatukuwa na glavu wala friza. Siku hizi tunavyo vyote, na akina mama tumekuwa wastaarabu, tunasikiliza watoto wetu wakihukumiwa huku tumeinamisha kichwa ili msusi afike nyuma ya shingo. Mama yangu aliniaibisha mbele ya madarasa mawili. Mimi mwanangu sijamwaibisha mbele ya mtu yeyote. Amelala akiamini kwamba katika mji huu wote hakuna hata mmoja aliyemkumbuka, na aliyemwambia hivyo ni mimi.