Chumba cha Viazi

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi hapa Butembo, mwanangu, nayo ilikuwa Jumapili ya kawaida kabisa. Tulikuwa tumetoka misa. Nilikuwa mama kijana, mwenye watoto wanne, mume mpole, na biashara ya viazi mviringo iliyonipa kichwa kikubwa. Mama yangu alinifuata uani, bado amevaa kitenge chake cha kanisani, akasimama mbele ya mlango wa chumba changu cha nyuma.

— Kavira, humu ndani muko nini?

Alijua kilichomo. Mtaa mzima ulijua. Nilinunua viazi Musienene siku za soko, nikavirundika mle chumbani, kisha nikavipeleka Beni, ambako joto ni jingi na viazi ni vichache. Kwa hiyo mama anapouliza jambo analolijua, mwanangu, ujue anakupa nafasi ya kujibu vizuri. Mimi sikuliona hilo.

Ngoja kwanza nikwambie alikuwa nani, maana nyinyi wa sasa mnamsikia kanisani tu, siku ya kuombea marehemu. Watu walimwita Mama Masika, kwa jina la dada yangu mkubwa. Alizaa saba, akazika wawili, akalea wajukuu wake na wa jirani bila kutofautisha. Siku za kupima watoto wachanga alikuwa kituo cha afya tangu asubuhi, akiwaning'iniza kwenye mizani mmoja mmoja huku wakimlilia masikioni, wala hakuna aliyemlipa hata kipande cha sabuni. Chemchemi ya mtaa ikiziba, yeye ndiye aliyeingia matopeni na jembe, na wanaume wakamfuata kwa aibu. Kwaya ilimvumilia tu. Aliimba kwa sauti kubwa na mbovu, na hata mwalimu wa kwaya hakuthubutu kumwambia.

Watu walipoanza kukimbia mashambulizi katika vijiji vya Kalunguta, wakiacha mashamba yao na maiti wao nyuma, shirika letu la parokia lilimpa Mama kazi ya kuwatafutia pa kulala. Unajua kwetu mkimbizi hasubiri hema. Anaingia katika nyumba ya mtu, analala humo, anakula kilichopikwa humo. Mama alikuwa na desturi yake: hakumwuliza mtu kilichompata huko alikotoka. Alimwuliza kama amekula, basi. Mengine alisubiri mtu ayaseme mwenyewe, na wengine hawakuyasema kamwe.

Sasa turudi mlangoni pangu.

— Kuko mama mumoja na batoto batatu, akaniambia. Balifika jana. Nilikuwa naona hii chumba ingewatosha.

— Mama, hapana fasi. Imeyala biazi mpaka mulangoni. Na bwana yangu alisema mutu asiguse magunia mpaka atarudi.

Mume wangu alikuwa Beni kwa shughuli zake. Hakuwa amesema neno lolote kuhusu magunia. Huyo ni mtu ambaye ukimwomba shati lake anakuuliza kama unataka na suruali. Nilitumia jina lake kwa sababu hakuwapo, na kwa sababu najua kwetu mwanamke akisema bwana amekataza, maongezi yanaishia hapo. Hata mama mzazi hawezi kuendelea.

Mama alinitazama kidogo. Kisha akasema:

— Basi, mama. Hapana neno.

Aliniita mama, kama mama wa huku wanavyowaita binti zao wakiwa na upendo. Angenigombeza ningejitetea, maana nilikuwa hodari wa kujitetea. Aliondoka polepole akashuka nyumbani kwake, chini kidogo ya kiwanja chetu, na mimi nikaenda kupika.

Nyumba ya Mama ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Siku hiyohiyo alimwingiza humo yule mama, Kanyere jina lake, pamoja na watoto wake watatu. Yeye mwenyewe akahamia jiko la nje, la udongo, akatandika mkeka kando ya mbabula, lile jiko dogo la makaa. Ulikuwa msimu wa mvua, na baridi ya Butembo wewe unaijua. Upepo unapita chini ya mlango na kukutafuta ulipo.

Baada ya wiki mbili alianza kukohoa. Nilimpelekea chai ya tangawizi, nikampelekea sweta. Vitu vya kupeleka sikuvikosa. Siku moja nikamwambia aje alale kwangu mpaka kifua kipone. Alicheka mpaka kikohozi kikamkatisha, akanijibu:

— Nitalala wapi? Si chumba imeyala?

Ningeweza kwenda kuvitoa viazi saa ileile. Lakini nikivitoa kwa ajili yake, kwa nini sikuvitoa kwa ajili ya Kanyere? Na mume wangu akirudi, nani atamweleza kwamba alikataza? Uongo wangu ulikuwa umeniwekea mlinzi mlangoni. Nikajiambia gari litapita wiki hii, viazi vitaondoka, chumba kitakuwa wazi chenyewe, na hakuna atakayejua. Gari halikupita. Barabara ya Beni ilifungwa kwa sababu ya mashambulizi, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Viazi vilianza kuota mle gizani, harufu yake ikatoka mpaka uani, na mimi nikaendelea kufunga mlango kwa kufuli.

Kikohozi kilipozidi na Mama kupelekwa kituo cha afya, wale wauguzi aliowasaidia miaka yote walikimbia huku na huku wakilia. Mapafu yalikuwa yamechoka. Alifariki Alhamisi, mchana, watu wa soko wakiwa bado sokoni. Mume wangu alikuwa amewahi kufika siku moja kabla. Mimi nilikuwa nimemshika Mama mguu, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshikwa na wajukuu. Nilitaka kumwambia kuhusu chumba. Nilijisemea nitamwambia watoto wakitoka nje. Hawakutoka.

Msiba kwetu una kazi nyingi, nazo huanza kabla machozi hayajakauka. Ndugu wa Musienene walikuwa njiani, na matanga hayana mtu wa kurudishwa. Mjomba wangu akasimama uani akauliza watu watalala wapi, akaona kufuli langu.

— Humu muko nini? Biazi? Mutoe.

Basi wakavitoa. Wanaume sita, wanawake kadhaa, na Kanyere miongoni mwao, gunia mgongoni kama mtu wa nyumba. Nusu ya viazi ilikuwa imeoza, maji yakiwachuruzikia mgongoni. Hakuna aliyelalamika. Wakafagia, wakamwaga maji, wakatandika mikeka. Saa nzima haikupita, mwanangu. Saa nzima haikupita, na chumba nilichosema hakina nafasi kikawa na nafasi ya watu kumi na wawili.

Kabla magunia hayajaisha nilisimama pale mlangoni, na Kanyere akanijia kunishika mkono. Alitaka kunifariji, maskini.

— Wasingya, dada Kavira, aliniambia kwa Kinande, yaani asante. Mie sikukukasirikia hata kidogo. Mama aliniambiaka roho yako ni muzuri, ni bwana yako njo alikataza.

Mume wangu alikuwa nyuma yake na gunia begani. Alisimama.

— Mie? Nilikataza nini?

Niliinama kuokota viazi vilivyoanguka sakafuni. Aliniangalia, akaelewa, na hakuuliza tena. Akalipeleka gunia lake nje. Hajawahi kuniuliza mpaka leo, na hilo limenichoma kuliko kupigwa.

Kanyere aliishi katika chumba kile miaka miwili. Sikuwahi tena kuweka viazi humo. Majirani walinisifu, wakasema nimerithi moyo wa mama yangu, na kila waliposema hivyo nilitafuta kazi ya kufanya jikoni. Usiku wa kulia nimeumaliza zamani. Lililobaki ni swali. Sijui kama Mama aliniamini siku ile, akafa akimlaumu mkwe wake bure, au alijua namdanganya na akanifunika mbele ya mgeni ili nisidharauliwe. Vyote viwili vinaniuma. Na yule ambaye angenijibu nilimzika mwenyewe.

Kwa hiyo nakwambia wewe, ambaye sikukuzaa na ambaye bado una mama wa kumwuliza. Mtu akikuomba nafasi, usijibu ukiwa uani. Fungua mlango kwanza, uangalie ndani, halafu ujibu. Ukiona huwezi, sema huwezi, kwa kinywa chako na kwa jina lako, wala usimbebeshe mwingine ukali ambao ni wako. Watakuona mchoyo. Waache wakuone, mchoyo anaweza kubadilika kesho yake. Na kama kuna uongo uliomwambia mama yako, usingoje watoto watoke chumbani. Mwambie mbele yao, leo, kikohozi kikiwa bado kidogo.

Mungu wa mama yangu akulinde barabarani na nyumbani, mwanangu. Akupe paa lisilovuja na mlango usiohitaji kufuli. Na siku utakapomshika mama yako mguu, usibaki na neno ambalo hukumwambia.