Ndizi ya Kurudi

Nakumbuka siku moja nilimaliza ndizi zangu zote kabla jua halijafika utosini, na aibu yake ninayo hadi leo. Nilikuwa kijana wa kuoa, mwanangu. Mimi na babu yangu tulitoka Songambele kwa miguu kupeleka rubisi ukweni kwa shangazi, upande wa Murongo, kila mtu na ndizi zake tatu za kuchoma. Rubisi ndiyo pombe yetu ya ndizi, na ile ya siku hiyo ilikuwa tamu kweli, ila hiyo ni habari nyingine. Wakati wa kurudi mlima ukanishinda. Babu akafungua kitambaa chake, akatoa ndizi moja aliyoibakiza, akanimegea kipande.

"Hii si chakula," akasema. "Hii ni njia ya kurudi. Wewe umekula njia."

Shule niliishia darasa la pili, lakini neno lile lilinikaa, na wajukuu nimewachosha nalo. Mmoja alilisikia: Kemilembe, mtoto wa binti yangu, ambaye kazi yake ni kuzama majini. Ndiyo, binti aliyekulia kwenye migomba ya Nyakatuntu. Cheka kwanza, kisha usikilize.

Mwaka juzi wenye mgodi mmoja wa bati walitaka kujua hali ya handaki la zamani lililojaa maji. Handaki hilo tulilichimba sisi ujanani, basi Kemilembe akaja nimchoree chini kwa kijiti: kona tatu, ya tatu nyembamba. Alikuwa na mwenzake Zakayo, fundi wa siku nyingi, mtu wa mizaha, ambaye hata kuniamkia alisahau. Wanavaa mashine inayochukua pumzi uliyoitoa, inaisafisha kwa dawa, inaongeza oksijeni kidogo, unaivuta tena. Lakini ikikugomea huko ndani umekwisha, isipokuwa una mtungi wa pembeni, wa kutokea tu.

Zakayo alitaka wabebe mmoja kwa wawili, maana njia ni nyembamba. Alipoona Kemilembe ameandaa miwili, kila mtu na wake, akamuuliza, "Dada, unahama nyumba?"

Kemilembe hakucheka. Alikuwa amepiga hesabu kuanzia mwisho kabisa wa handaki, na kwenye kina kile pumzi moja hula hewa ya pumzi tatu za huku juu. Zakayo akashikilia kwamba nusu ya mtungi inamtoa mtu.

"Mtu aliyetulia, ndiyo," akasema Kemilembe. "Ukishikwa na hofu, kaka, utapumua nusu?"

Zakayo akauvaa wake, akinung'unika kwamba amepakiwa kama bodaboda ya mpakani.

Kwenye kona ya tatu mashine ya Zakayo ikaacha kusafisha pumzi. Haya walinisimulia baadaye. Kifua kikamwenda mbio, akarusha miguu, tope likatibuka, wakawa hawaonani hata mkono. Mtungi ungekuwa mmoja, ubavuni mwa Kemilembe, angeutafuta wapi? Alishika wake, akafuata kamba waliyoitandaza wakati wa kuingia. Alipoibuka mbele yangu, pale mdomoni mwa handaki nilipokaa kuwasubiri, mshale wa geji, kipimo cha hewa ya mtungi, ulikuwa umelala karibu na sifuri. Nusu ya mtungi ingemwacha kona ya pili.

Kemilembe akaibuka nyuma yake, akaitazama ile geji, kisha akanitazama mimi. "Babu," akasema, "ndizi imetosha."

Nililia, sifichi. Mke wangu anasema tangu siku ile natembea kifua mbele kama jogoo, na hajakosea.

Basi, mwanangu, popote uendako, hesabu kurudi kwanza. Hesabu kama vile uko mbali kuliko pote, kwa kifua cha mtu mwenye hofu, si kwa hiki ulichokaa nacho hapa. Na ya kurudi ibebe mwenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na nduguye anaweza kuwa mwema kabisa, tope halimjui. Mungu akupe safari ndefu, akubakizie pumzi ya kukufikisha kwenye migomba ya kwenu.

Na Zakayo? Alivua mashine, akanawa uso, akaniamkia ile shikamoo aliyoisahau asubuhi. Nikampa ndizi ya kuchoma. Hakuila. Aliifunga kwenye kitambaa, akashika njia ya Murongo kwa miguu, na hajarudi mpaka leo, ila ya kurudi anayo.