Mashetani Saba wa Aston

Mdomo wangu siku zote umekuwa na mbio kuliko akili yangu, na nilipokuwa na miaka kumi na minne ulikuwa bado haujapata wa kuukamata. Nalisema mapema ili nisije nikahurumiwa mahali pasipostahili. Yaliyonikuta nilijitakia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tukikaa Aston, Birmingham, katika nyumba moja ya safu ndefu ya nyumba za matofali mekundu, choo uani, makaa ya mawe chini ya ngazi. Tulikuwa na miaka miwili tangu tutoke Unguja. Baba alifanya kazi kiwanda cha skrubu, mama alisafisha wodi za hospitali upande wa Edgbaston, na Bibi, mzaa baba, alikaa nyumbani pembeni mwa jiko la mafuta ya taa, kanga tatu mwilini na sweta mbili juu yake. Katika miaka miwili hiyo hakuna mwanafunzi mwenzangu hata mmoja aliyewahi kukanyaga kizingiti chetu, wala mimi cha kwao. Nilikuwa nikijifanya sijali, lakini nilijali sana.

Mwezi wa Oktoba ulipoingia, darasani hapakuwa na mazungumzo ila Halowini. Kwa asiyejua, hiyo ni jioni ya mwisho wa mwezi huo, ambapo Wazungu, watu wazima wenye akili zao, huwavisha watoto wao mashuka na kuwapaka masizi usoni ili wawe mashetani, kisha huwapa peremende kwa kuwa mashetani wazuri. Siku zile mtaani kwetu hawakuwa wakigonga milango ya watu. Walifanya sherehe majumbani, wakaelesha matufaha ndani ya beseni la maji na kuyadaka kwa meno, na wakachonga taa kwa mboga fulani ya mviringo, ngumu kama jiwe.

Skuli yetu ilichukua wasichana kutoka kila pembe ya mji, na mmoja alitoka Acocks Green. Mwaka uliopita alifanya sherehe kwao, akawaalika karibu darasa zima. Mimi hakunialika, na sikuuliza kwa nini, maana mtu haulizi. Mwaka huu mama yake alikataa, kwa sababu beseni la matufaha lilipinduka juu ya zulia. Basi wakati wa mapumziko walikaa wanasikitika kana kwamba kuna msiba, hakuna sherehe, hakuna sherehe, na hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Sherehe ipo," nikasema. "Kwetu."

Yule wa Acocks Green akanitazama. "Kwenu?" akasema. Neno moja tu, lakini alivyolitamka lilinikata maini.

"Kwetu ndiyo. Nyinyi mnavaa mashuka mnajidanganya. Bibi yangu anazungumza na mashetani wa kweli, wanamjibu. Njooni Jumamosi, saa kumi na moja, na wewe njoo."

Wenzangu watano wakasema watakuja, yule wa Acocks Green akiwa mmojawapo. Wawili wakauliza kama wanaweza kuja na wadogo zao. Nikasema waje, nyumba ni kubwa. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili chini na viwili juu, na kimoja cha juu kilivuja.

Njiani kurudi nyumbani ndipo nilipopima nilichokifanya. Sherehe ikishindikana, nitakuwa mwongo wa darasa mpaka nimalize skuli, na hakuna atakayekanyaga kwetu milele. Nilimwambia mama. Akasema, "Siku ya mashetani, katika nyumba ya Waislamu? Kamwambie baba yako." Nikamwambia baba. Hakuinua hata macho kutoka kwenye sahani yake. "Hapana," akasema, akaomba achari.

Akabaki Bibi, na kwa Bibi nilidanganya. Lakini naomba nifahamike: sikudanganya sana.

"Bibi," nikamwambia, "wenzangu wa skuli wana mashetani. Huwapanda mwezi huu, kila mwaka."

Bibi akaacha kuchambua mchele. "Wote?"

"Saba. Na hapa hakuna mtu wa kuwapunga mashetani wakatoka. Wazazi wao wanawavisha mashuka tu, wanawapa peremende."

"Masikini," Bibi akasema, na alimaanisha. "Peremende itasaidia nini?"

Inafaa ijulikane kwamba Bibi, kule Unguja, alikuwa akiitwa nyumba za watu. Yeye si mganga, na angekasirika kuitwa hivyo, lakini shetani alipompanda mtu akakataa kusema, aliyeshika chetezo cha ubani na kumhoji taratibu mpaka aseme alikuwa ni Bibi. Birmingham hakuna aliyemwita. Miaka miwili alikuwa hana kazi ila mchele na baridi. Jioni ile alimwambia baba, "Jumamosi wanakuja watoto wagonjwa, nitawatazama," na baba yangu, bingwa wa kusema hapana, kwa mama yake neno hilo hakuwa nalo. Hata hivyo Jumamosi yeye na mama wote wangekuwa kazini.

Nikaanza matayarisho. Sokoni nilinunua zile mboga ngumu tatu, nikazikwangua ndani kwa kijiko jioni mbili mfululizo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nikazichonga macho na meno, nikaziacha jikoni. Asubuhi nikashuka, nikakuta sufuria inatokota na nyumba nzima inanukia tui.

"Viazi vyako hivi vya Kizungu vigumu," Bibi akasema. "Na aliyevianza kukatakata hajui kupika kabisa, nyama yote kaitupa kabakisha maganda. Lakini nimeviokoa."

Nilimpigia Bibi kelele. Naona haya mpaka leo. Nilimwambia ameniharibia maisha, na hakuna mtu anayekula vitu vile, ni taa. Aliningoja nimalize, kisha akaniuliza kwa upole, "Taa ya nini, na umeme upo?"

"Ya mashetani. Lazima iwe na uso."

Akafikiri. "Kitu chenye uso si nazi?"

Tukaenda duka la kona. Mwenyewe alikuwa Mhindi, lakini si Mhindi wa kwetu. Alitoka Punjab moja kwa moja na hakujua neno la Kiswahili, na Kizungu cha Bibi kilikuwa nazi, ndimu, ndiyo, hapana na bei gani. Waliteta kwa muda mrefu kwa maneno hayo matano. Tulipotoka, yule bwana akamwambia kwa Kizungu, kama alivyomwambia kila siku, uje tena, na Bibi akamjibu inshallah.

Bibi alizipasua nazi tatu kwa mgongo wa kisu, akatengeneza kashata kwa nyama yake, na vile vifuu vyenye matundu matatu akavitoboa vizuri. Tukaviinamisha juu ya mishumaa, tukavipachika juu ya vijiko ili moto upate pumzi. Taa ya chumba cha mbele ilipozimwa, zilitutazama nyuso tatu, macho mawili na mdomo ulioshangaa. Mboga ya Kizungu isingeweza kamwe. Nikavaa buibui la mama, nikajaza beseni, nikatia matufaha, nikakaa kungoja na roho juu juu.

Walikuja wote saba. Walikuja kwa basi, wakapishana na watu wanaotoka kwenye mpira, na sijui wale watu walidhani nini kuona mashuka matano na paka wawili wadogo wanashuka kituoni. Yule wa Acocks Green alikuwa ndani ya shuka refu kuliko wote, matundu mawili ya macho, na macho yenyewe yalizunguka chumba kizima, kuanzia sofa letu la nailoni mpaka dari. Walidaka matufaha. Walikula sambusa wakilia machozi kwa pilipili, wakaongeza. Nilianza kuvuta pumzi.

Ndipo Bibi akaingia.

Alivaa kanga mpya, nyekundu na nyeupe, na mkononi alishika chetezo, ubani unafuka mpaka darini. Kelele zote zikakatika. Akawatazama mmoja mmoja, akakaa mkekani, akaniita karibu.

"Uwaulize ninachosema, unirudishie wanachosema," akasema. "Usitie chako."

Akaanza na mdogo kuliko wote, paka wa miaka sita. Akamfukiza. Jina lako nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Mtoto akasema yeye ni paka, ametoka Erdington, anataka samaki. Nikatafsiri. Bibi akatikisa kichwa kama daktari. "Samaki leo hatuna, mpe kashata." Mtoto akapokea kwa mikono miwili.

Kisha Bibi akasema jambo ambalo sikulitarajia, ingawa ningepaswa kulijua. "Sasa aape. Amepewa alichotaka. Aape kwamba anatoka, na hapa harudi tena."

Huo ndio utaratibu: shetani huulizwa, hupewa, huapishwa, huondoka, kwisha. Na mimi nilichokuwa nikikitaka duniani, kuliko skuli, kuliko joto, ni kwamba hawa saba warudi. Bibi alikuwa ananingoja. Nikamgeukia yule paka, nikamwuliza kwa Kizungu, kwa sauti ya kutisha kabisa, "Utakuja tena?"

"Ndiyo," akasema paka.

"Ameapa," nikamwambia Bibi, na Bibi akafurahi.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mmoja baada ya mmoja. Mmoja alijiita mzimu wa malkia akataka taji, akapewa kilemba. Mwingine alitaka kutofanya mtihani wa hesabu, na Bibi akasema shetani huyo hana adabu, apewe sambusa akae kimya. Wote niliwauliza, utakuja tena, wote wakasema ndiyo, na kila nilipouliza mara nyingine sauti yangu ilizidi kuwa ya kuomba, mpaka nikasahau kujifanya natisha.

Wa mwisho akawa yule wa Acocks Green. Bibi akamfukiza, naye akakohoa ndani ya shuka. Jina hakusema. Alipoulizwa anataka nini, akanyoosha kidole. "Hicho alichovaa bibi yako," akasema, pole pole. "Ni kizuri."

Nilitafsiri. Nilidhani Bibi atacheka. Badala yake uso ukamng'aa. "Huyu sasa ndiye shetani wa kweli," akasema. "Wa kwetu wote hutaka nguo." Akaivua ile kanga mpya ya juu, akamtupia mabegani, juu ya shuka. Yule msichana akaishika kwa vidole vyote kumi.

"Aape," akasema Bibi.

"Utakuja tena?" nikamwuliza. Huyu sikuweza kumtazama.

"Kama utanialika," akasema.

"Ameapa," nikamwambia Bibi.

"Huyu kaapa kwa maneno mengi," Bibi akasema. Kisha akanigeukia mimi, na chetezo. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Jina lako nani? Unataka nini?"

"Mimi sina shetani, Bibi."

"Wako mkaidi," akasema, akanifukiza hata hivyo, kichwa mpaka miguu, wageni wangu wote wakipiga makofi.

Mama aliporudi kutoka kazini aliwakuta wanavaa makoti. Alinusa ubani, akaziona nazi, akaniangalia kwa jicho lililosema tutaonana. Tulionana kweli, lakini hilo ni langu na yeye.

Wiki nzima skuli nilikuwa mtu. Lakini nyumbani nilikuwa kwenye miiba, maana niliwaalika wote saba nyuma ya mgongo wa Bibi, na ikiwa yeyote atarudi, Bibi ataona mashetani wake wamevunja kiapo, na uongo wangu wote utajulikana. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya wiki moja. Jumamosi iliyofuata, baada ya adhuhuri, mlango uligongwa. Bibi alinitangulia kufungua.

Alikuwa yule wa Acocks Green, peke yake, ndani ya koti la skuli, kanga ya Bibi mkononi imekunjwa na kupigwa pasi. Mama yake alikuwa amemwambia airudishe. Aliishika kama mtu ambaye hataki kurudisha.

Bibi akamtazama, akaisukuma kanga irudi kifuani kwake, akarejesha mlango nusu. Akanigeukia.

"Shetani wako karudi," akasema.

"Bibi," nikasema, "waliapa hawatarudi."

"Waliapa watakuja. Kwani mimi kiziwi? Maneno uliyowauliza ndiyo anayoniambia yule Mhindi kila nikinunua ndimu."

Sikuwa na pa kuuficha uso. Niliona haya, na hasira zikanipanda, kwa sababu mimi haya yangu hutoka kwa njia hiyo. "Kama ulijua," nikasema, "mbona uliendelea kuwapunga?"

"Nani kakwambia nilikuwa nawapunga wao? Wale watoto ni wazima, walitaka kashata tu." Akanitengenezea kola ya gauni, ingawa ilikuwa sawa. "Nilikuwa nakupunga wewe. Wako alikataa kutaja jina, lakini anachotaka alikitaja mara saba, tena kwa Kizungu. Haya, mfungulie mwenzako, kuna baridi huko."